Namba za michakato kwenye Unix: mfululizo, nasibu au hesabu ya pekee?

Kila programu inayoanza kwenye mfumo wa jamii ya Unix huwa mchakato, na hupewa namba. Namba hiyo ndiyo PID (process ID). Ukiandika `kill 4821`, umetaja namba. Ukisoma logi ya huduma, jina la programu limefuatwa na namba kwenye mabano ya mraba. Ukiita `fork()`, wito unaozaa mchakato mpya kutoka kwa uliopo, mzazi hurudishiwa namba ya mtoto. Watu wengi huipokea hivyo hivyo bila kuuliza imetoka wapi, mpaka siku wanapolazimika kuamua. Seva mpya iwe ya Linux au ya OpenBSD? Wakati wa kusakinisha FreeBSD, ile hiari ya kuzifanya PID zisitabirike iwashwe au iachwe? Huduma ziendeshwe moja kwa moja juu ya mashine, au kila moja iwe ndani ya kontena, yaani eneo lililotengwa na mengine, lenye hesabu yake?

Nyuma ya maswali hayo kuna namna tatu za kugawa namba: kwa mfululizo, kwa nasibu, na kwa kuzigawa katika maeneo yanayojitegemea. Nitazipima zote kwa vigezo vilevile, ila nitangulize msimamo wangu mapema ili usomapo ujue ninakoelekea. Hakuna hata namna moja inayoifanya PID kuwa kitambulisho cha kudumu, na hakuna inayoifanya kuwa siri. Unapochagua, unachagua ni kosa la aina gani utakuwa tayari kuishi nalo.

## Mambo yaliyo sawa kote

Anayechagua namba ni kiini cha mfumo (kernel). Programu yenyewe haiombi namba fulani. Mchakato wa kwanza wa kawaida, ule unaoanzisha mengine yote, huwa PID 1, uwe ni `systemd`, `init` au `launchd` wa macOS. Sifuri na namba hasi hazigawiwi, kwa sababu `kill`, amri ya kuupelekea mchakato ishara, imezipa maana nyingine: sifuri ni kundi lako zima la michakato, na -1 ni kila mchakato unaoruhusiwa kuupelekea ishara. Hebu fikiria fujo ambayo ingetokea kama mchakato mmoja ungebeba namba hizo.

Namba ni ya pekee kwa muda tu mwenye nayo anapokuwepo. Mchakato ukifa, haiachiliwi papo hapo. Hubaki imeshikwa na zombi, yaani mabaki ya mchakato uliokufa, mpaka mzazi aite `wait()` na kuchukua taarifa za mwisho za mtoto wake. Hata baada ya hapo, ikiwa bado kuna kundi la michakato au kikao kinachotumia namba hiyohiyo, mfumo hauruhusiwi kuigawa upya. Kanuni hizi mbili ndizo ulinzi pekee unaoweza kuutegemea kwenye mfumo wowote wa Unix, na ni vizuri kuzikumbuka kabla ya kubishania mfululizo na nasibu.

## Vigezo vinne

Cha kwanza ni muda wa kurudi: namba iliyoachwa inakaa kwa muda gani kabla ya kupewa mchakato mwingine? Namba inafanana na jezi ya timu, mchezaji akiondoka huvaliwa na mwingine, na anayepiga kelele kwa namba badala ya jina atamwita asiye wake.

Cha pili ni kutabirika: mtu asiye na mamlaka anaweza kukisia namba ijayo, au kujua mashine inafanya kazi kiasi gani kwa kutazama namba tu?

Cha tatu ni kusomeka: msimamizi anayetafuta hitilafu usiku anapata msaada gani kutoka kwenye namba zenyewe?

Cha nne ni kikomo: namba zipo ngapi, nani anazila, na zikiisha inakuwaje?

## Mfululizo

Huu ndio utaratibu wa tangu zamani. Katika toleo la saba la Unix, la mwaka 1979, kiini kilikuwa na hesabu moja iliyoitwa `mpid`. Kila mchakato mpya uliiongeza kwa moja, ikifika 30000 ikarudishwa sifuri, kisha jedwali la michakato likapekuliwa kuhakikisha namba haina mwenyewe. Linux na macOS bado zinafuata wazo hilo, na FreeBSD pia usipoigusa. Jaribu amri hii kwenye Linux iliyotulia:

`for i in 1 2 3; do sh -c 'echo $$'; done`

Utapata kitu kama 4821, 4822, 4823.

Kwenye muda wa kurudi, mfululizo una sifa moja nzuri sana. Namba iliyoachwa haiguswi mpaka hesabu izunguke na kuifikia tena. Swali linalobaki ni mzunguko una urefu gani. Kwenye Linux jibu liko katika `/proc/sys/kernel/pid_max`. Thamani ya asili ni 32768, maana yake namba ya juu kabisa ni 32767, na baada ya kuzunguka hesabu huanzia 300 ili kuziacha namba za chini zilizozoeleka kushikwa na huduma za kudumu. Seva inayoanzisha michakato 100 kwa sekunde itamaliza mzunguko huo kwa dakika tano na nusu hivi. Kwenye mashine za biti 64 unaweza kupandisha hadi 4194304, na `systemd` tangu toleo la 243 la mwaka 2019 huipandisha yenyewe. Kwa kasi ileile ya michakato 100 kwa sekunde, mzunguko sasa unachukua zaidi ya saa 11 na nusu. Hiyo ni tofauti kubwa iliyopatikana kwa kubadilisha thamani moja tu, na ndiyo maana napenda watu waangalie `pid_max` kabla ya kuanza kulalamikia mfululizo wenyewe.

Upande wa pili wa sifa hiyo ni kutabirika. Mshambuliaji aliye na akaunti ya kawaida kwenye mashine anaweza kuizungusha hesabu kwa makusudi, akianzisha na kuua michakato mfululizo mpaka namba anayoitaka iwe inayofuata. Kwa michakato 2000 kwa sekunde, ambayo si kazi kubwa kwa kompyuta ya leo, mzunguko wa 32768 huisha kwa sekunde 16. Wa 4194304 huchukua dakika 35. Kwa hiyo kikomo kikubwa kinamchelewesha tu, hakimzuii. Zaidi ya hapo, mfululizo unamwonyesha kila mtumiaji kasi ya kazi ya mashine: anzisha mchakato sasa, anzisha mwingine baada ya dakika moja, toa namba ndogo kwenye kubwa, umepata idadi ya vilivyoanzishwa katikati.

Kwenye kusomeka, hapa mfululizo hauna mpinzani. Ukiona kwenye logi 20110, 20111 na 20113, unajua vilianza kwa mpangilio huo na kwamba kuna kimoja katikati ambacho hakimo kwenye logi. Skripti inayozaa watoto kwa fujo utaigundua kwa macho, kwa jinsi namba zinavyoruka kati ya mistari miwili ya logi. Ila usiamini mpangilio huo kupita mzunguko. Kwenye mashine yenye kikomo kidogo na kazi nyingi, namba 900 inaweza kuwa changa kuliko 31000.

Kikomo kwenye Linux kina jambo linalowashangaza wengi: nyuzi (threads), yaani njia za kazi zinazoendeshwa sambamba ndani ya mchakato mmoja, hula kwenye kapu lilelile. Kila uzi una namba yake kutoka katika hesabu ya PID. Huduma chache zenye maelfu ya nyuzi kila moja zinaweza kuzimaliza namba ilhali `ps` ya kawaida inaonyesha michakato michache tu. Zikiisha, `fork()` hushindwa kwa kosa la `EAGAIN`, na msimamizi huanza kutafuta tatizo la kumbukumbu ambalo halipo.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu mfululizo ambalo halizungumzwi vya kutosha. Mashine inapowaka, huduma huanza kwa mpangilio unaokaribiana kila mara, na kwa hiyo namba za chini huangukia michakato ileile au jirani zake. Kama huduma yako huandika PID yake kwenye faili lililo kwenye diski ya kudumu, na umeme ukakatika, faili hilo litakuwepo baada ya kuwaka tena, na namba iliyomo ina nafasi nzuri ya kuwa ya huduma nyingine iliyo hai. Hapo skripti ya kusimamisha huduma inaweza kumuua asiyehusika. Faili likiwekwa ndani ya `/run`, ambayo hufutika mashine inapozimwa, tatizo hili linaisha.

Utaratibu huu unamfaa nani? Msimamizi wa mashine zinazotumiwa na watu wanaoaminiana, mwanafunzi anayejifunza jinsi michakato inavyozaliana, na yeyote ambaye kazi yake kubwa ni kusoma logi.

## Nasibu

OpenBSD imechagua njia hii kama kawaida yake. Isipokuwa ule wa kwanza kabisa, ambao lazima uwe 1, kila mchakato mpya hupewa namba iliyookotwa popote kati ya 2 na 99999, na ikiwa imeshikwa, inaokotwa nyingine. Amri ile ya juu ingeweza kukupa 71390, kisha 2846, kisha 55017.

FreeBSD ina `kern.randompid`, ambayo huja ikiwa imezimwa. Ukiiwasha, haifanyi kitu kilekile. Inachukua namba ya mwisho iliyotolewa, inaongeza hatua ya nasibu isiyozidi kiwango ulichoweka, na inaendelea kupanda hadi izunguke. Ni mfululizo wenye miruko. Ukiweka thamani 1, mfumo hujichagulia wenyewe ukubwa wa miruko. Linux rasmi haina swichi ya namna hii, kwa hiyo anayesema atawasha PID za nasibu kwenye seva yake ya Linux atafute njia nyingine.

Muda wa kurudi ndio unaohitaji kutazamwa kwa makini, kwa sababu watu wengi hudhani nasibu ni salama zaidi kwa kila kitu. Chukua tena michakato 100 kwa sekunde, na namba 99999. Mchakato ukishafariki na namba yake kuachiliwa, kila mchakato mpya una nafasi moja kati ya takribani laki moja ya kuiokota. Ndani ya dakika moja imeanzishwa michakato 6000, na uwezekano wa namba hiyo kuwa imeshapata mwenyewe mpya ni kama asilimia 6. Mfululizo wenye kikomo cha 32768, kwa dakika hiyo hiyo moja, ungekupa sifuri ikiwa mchakato huo ulikuwa umeanza muda mfupi tu kabla ya kufa. Ngoja dakika tano na nusu na picha inageuka: mfululizo umezunguka na karibu kwa hakika unaigonga namba hiyo, nasibu iko kwenye asilimia 28 hivi. Kwa maneno mengine, mfululizo unakupa muda wa amani kisha hatari ya ghafla, na nasibu inakupa hatari ndogo inayoanza mara moja. OpenBSD inalijua hili, ndiyo maana hutunza orodha fupi ya namba zilizoachwa hivi karibuni na kuziruka. Orodha hiyo husaidia kwa muda mfupi tu, mashine yenye shughuli nyingi huijaza upesi.

Kwenye kutabirika, nasibu inatimiza kile ilichotengenezewa. Mshambuliaji hawezi kulenga namba fulani, na hawezi kuhesabu kasi ya mashine kwa kutoa namba moja kwenye nyingine. Zamani skripti nyingi ziliunda mafaili ya muda kwa majina kama `/tmp/kazi.$$`, ambapo `$$` ni PID ya skripti yenyewe, na mtu aliyeweza kukisia PID ijayo aliweza kutega kiungo kwenye jina hilo kabla faili halijaundwa. Nasibu iliifanya mitego hiyo kuwa migumu. Dawa halisi, hata hivyo, ni `mktemp`, amri inayounda faili la muda kwa jina lisilokisika, ambayo inafanya kazi vizuri kwenye namna zote tatu.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa kuwa ndipo nasibu inapoeleweka vibaya kwa madhara makubwa. Mwaka 1995 Ian Goldberg na David Wagner walionyesha kwamba kivinjari cha Netscape kilizalisha funguo zake za siri kutokana na saa ya mashine, PID na PID ya mzazi, vitu ambavyo mtu mwingine angeweza kuvikisia. Mwaka 2008 ikagundulika kwamba kifurushi cha Debian cha OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche, baada ya badiliko lililofanywa mwaka 2006, kilibaki na PID kama chanzo pekee cha nasibu. Namba za juu kabisa zilikuwa 32767, hivyo kwa kila ukubwa wa ufunguo na kila aina ya mashine kulikuwa na funguo 32767 tu, na zote ziliweza kuorodheshwa. Je, PID za nasibu zingeokoa chochote? Hapana. Mshambuliaji hakuhitaji kujua ni namba ipi kati ya hizo, alizijaribu zote. Kuruka huku na huko ndani ya kapu dogo hakulifanyi kapu kuwa kubwa.

Kusomeka kunapungua, hilo ni wazi. Kwenye OpenBSD namba haikuambii nani alitangulia. Itabidi utegemee muda ulioandikwa kwenye logi, au safu ya muda wa kuanza kwenye `ps`. Kwenye FreeBSD yenye miruko unabakiwa na kiasi fulani cha mpangilio, ila mizunguko inakuja haraka. Ukiweka kiwango cha 1000, mruko wa wastani ni kama 500, na michakato 200 tu inatosha kuzunguka hesabu yote.

Kuhusu kikomo, 99999 ni chache ukilinganisha na milioni nne za Linux, lakini kwenye OpenBSD na FreeBSD nyuzi hazigombei namba hizo. Zina hesabu yao inayoanzia juu ya laki moja.

Inamfaa anayeendesha mashine yenye watumiaji wasiofahamiana, au anayepokea programu za zamani ambazo hajui zimetumia PID kwa mambo gani ya hovyo. Ni tabaka la ziada la ulinzi, zuri na lisilo na gharama kubwa.

## Hesabu ya pekee kwa kila eneo

Namna ya tatu haijibu swali la namba ipi inafuata. Inajibu swali la hesabu ya nani. Tangu Linux 2.6.24 ya Januari 2008, kundi la michakato linaweza kuwekwa katika eneo lake la namba, na ndani ya eneo hilo hesabu inaanza upya kutoka 1. Ndiyo msingi wa makontena tunayoyajua leo. Mchakato mmoja unakuwa na namba kadhaa, moja ndani ya eneo lake na moja katika kila eneo lililo juu yake. Ukiwa nje, kwenye mashine yenyewe, andika:

`grep NSpid /proc/48213/status`

Jibu likiwa `NSpid: 48213 7`, ujue mchakato ambao wewe unauita 48213, mwenyewe ndani ya kontena anajijua kama 7.

Angalia kwamba si kila utengano hubadilisha hesabu. Jela za FreeBSD hutenganisha michakato isionane, lakini namba zinabaki za hesabu moja ya mashine nzima.

Muda wa kurudi ndani ya eneo ni wa mfululizo uleule wa Linux, ila kwa kuwa kontena huwa na michakato michache, mzunguko huchukua muda mrefu mno kukamilika. Tatizo linahamia kwingine. Kila kontena likianza, namba ni zilezile: programu kuu huwa 1, msaidizi wake huwa 7 au 8. Sasa fikiria programu inayoandika PID yake kwenye faili na kukataa kuanza ikiona mwenye namba hiyo yuko hai. Kontena likauawa ghafla, faili likabaki na namba 1 ndani yake. Kontena hilohilo likiwashwa tena, programu inasoma 1, inaita `kill -0 1` kuuliza kama yupo, na anayejibu ni yeye mwenyewe. Inajitangaza kuwa tayari inaendeshwa, inajizima, na hurudia hivyo kila inapoanzishwa. Tatizo hili limewasumbua watu wengi, na suluhisho lake ni kuacha kabisa kutumia faili la PID ndani ya kontena.

Kutabirika kunategemea unasimama wapi. Aliye ndani haoni michakato ya nje wala hawezi kuitaja kwa namba, kwa hiyo kulenga namba za jirani hakupo tena. Aliye nje mwenye mamlaka anaona kila kitu.

Kusomeka kuna uchungu wake. Logi ya kontena inasema mchakato 7 umeanguka, `top` ya mashine haina 7 unayemtafuta, na makontena hamsini yote yana 7 wao. Bila jina la kontena pembeni ya namba, logi hiyo haina maana. Zoea `NSpid` mapema.

Kikomo kina mtego. Kila mchakato wa ndani hula pia namba ya nje, hivyo kontena lililoharibika linaweza kuimaliza hesabu ya mashine nzima. Weka `pids.max`, kikomo cha idadi ya michakato, kwa kila kontena. Kidhibiti hicho kipo tangu Linux 4.3 ya mwaka 2015, na sioni sababu ya kutokitumia.

Halafu kuna mzigo wa kuwa namba 1. Programu yako ikiwa PID 1 ya eneo lake, inarithi yatima wote waliomo, yaani michakato ambayo wazazi wao wamekufa, na isipoita `wait()` mazombi yatarundikana yakiwa yameshika namba. Ishara zinazotumwa kutoka ndani ya eneo haziifikii isipokuwa zile iliyojiandaa kuzipokea. Hata `SIGTERM`, ishara ya kuiomba programu ijifunge, kutoka nje hupuuzwa ikiwa programu haina mahali pa kuipokea, na ndiyo sababu `docker stop` wakati mwingine husubiri sekunde 10 kamili kisha ikaua kwa nguvu. Namba 1 ikifa, kiini huua wote waliobaki ndani ya eneo. Hilo la mwisho nalihesabu kuwa faida kubwa: usafi wa uhakika, bila kuwinda watoto waliotoroka mmojammoja. Kwa yale mengine, `docker run --init` huweka programu ndogo kwenye nafasi ya 1 ikupunguzie kazi.

Inawafaa wanaoendesha huduma nyingi zisizojuana kwenye mashine moja. Inawafaa pia wanaohitaji kusimamisha mchakato, kuuhifadhi na kuufufua kwenye mashine nyingine. Programu kama CRIU lazima imrudishie kila mchakato namba yake ya awali, na hilo haliwezekani kwa uhakika mahali ambapo namba hiyo huenda tayari ina mtu.

## Kabla ya kuamua: unaushikaje mchakato?

Tofauti za namna hizi tatu hupungua uzito sana ukiacha kuushika mchakato kwa namba. Kama wewe ndiye mzazi, uko salama kote, kwa sababu namba ya mtoto haiendi popote mpaka uite `wait()`. Wasimamizi wa huduma kama `systemd` hutegemea jambo hilohilo, ndiyo maana huduma inayoendeshwa mbele chini ya msimamizi haihitaji faili la PID.

Kama si mzazi, wengi huongeza muda wa kuanza wa mchakato kando ya namba, sehemu ya 22 kwenye `/proc/PID/stat`. Inasaidia dhidi ya ajali. Dhidi ya mshambuliaji haitoshi: mwaka 2019 polkit, programu inayoamua nani aruhusiwe kufanya kazi za msimamizi, ambayo iliunganisha namba na muda wa kuanza, ilikutwa na udhaifu uliosajiliwa kama CVE-2019-6133, kwa sababu `fork()` haimaliziki kwa pigo moja na muda huo uliweza kuchezewa.

Linux sasa ina `pidfd`, mshiko wa mchakato unaofanana na mshiko wa faili. Kutuma ishara kwa njia hii kuliingia na toleo la 5.1, na `pidfd_open` na la 5.3, yote mwaka 2019. Mchakato ukifa na namba ikapewa mwingine, mshiko wako hauhamii kwa huyo mwingine, unapata kosa tu. FreeBSD ilikuwa na `pdfork` tangu toleo la 9.0. Ukipata pidfd ya mchakato usiouzaa, bado kuna mwanya mdogo kati ya kuijua namba na kuufungua mshiko, basi ukishaufungua hakikisha kwanza ni yule uliyemkusudia.

## Kwa hali yako

Una mashine moja au mbili za Linux, wewe ndiye mtumiaji pekee, na huduma zako ziko chini ya `systemd`. Baki na mfululizo. Angalia `pid_max`, na kama bado iko 32768 kwenye mashine ya biti 64, ipandishe, isipokuwa una programu ya zamani inayotegemea namba zisizozidi tarakimu tano.

Unatoa akaunti za shell kwa watu wengi usiowafahamu. OpenBSD, au FreeBSD yenye `kern.randompid`, itakupa tabaka moja la ziada bila kazi. Ukilazimika kubaki na Linux, fikiria kupachika `/proc` kwa `hidepid=2` ili kila mtumiaji aone michakato yake tu. Haifanyi namba kuwa za nasibu, lakini inaficha mengi yaliyokuwa yakionekana.

Umerithi skripti za miaka mingi zinazosoma mafaili ya PID na kuua kilichomo. Usizihamishie OpenBSD kwa matumaini ya usalama, maana pale namba iliyoachwa inaweza kupata mwenyewe mpya muda mfupi tu baadaye. Usizitie kwenye kontena pia kabla ya kuzisafisha, kwa sababu ya ile namba 1. Kwa skripti kama hizi mfululizo wenye kikomo kikubwa ndio unaosamehe zaidi, na unakupa nafasi ya kuziandika upya taratibu, moja baada ya nyingine.

Unaendesha huduma nyingi za timu tofauti kwenye seva kubwa chache. Tumia maeneo ya pekee, weka `pids.max`, weka programu ya init kwenye nafasi ya 1, na uhakikishe kila mstari wa logi una jina la kontena kabla ya namba.

Na ikiwa unaandika programu itakayosafiri kwenye mifumo yote hii, usidhani lolote kuhusu mpangilio wa namba wala idadi ya tarakimu zake. Itunze PID katika aina ya `pid_t`, chukua nasibu yako kutoka `getentropy` au `/dev/urandom`, na watoto wako uwasubiri mwenyewe.